Mwenye Nguvu Mpishe?

Nilikuwa ndani ya daladala nikitokea Gongo la Mboto kuelekea mjini, nimeshika bomba kwa mkono mmoja na mfuko wa vitabu kwa mkono wa pili. Barabara ya Nyerere saa moja na nusu asubuhi mnaijua wenyewe: kila mtu amechelewa, na kila dereva anajiona ndiye aliyechelewa kuliko wote. Mbele yetu kulikuwa na jamaa wa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga magunia mawili ya mkaa, moja juu ya jingine, kiasi kwamba ukimtazama kwa nyuma humwoni mtu, unaona magunia yanakwenda yenyewe. Palikuwa na kamwinuko kidogo na jamaa alikuwa amesimama juu ya pedali, anasukuma.

Dereva akapiga honi. Jamaa akasogea. Dereva akapiga tena. Jamaa akasogea tena, mpaka tairi likawa linakanyaga ukingo wenyewe wa lami, pale ambapo lami inakatika na mchanga unaanza. Honi ya tatu ilipolia hakuwa na pa kusogea. Tukampita kwa upana wa kiganja. Hadi leo sijui kama tulimgusa au ni upepo wa gari tu uliomyumbisha. Nilichokiona kupitia kioo cha nyuma ni gurudumu likizunguka hewani, na mkaa umetapakaa barabarani.

Hakufa. Nilimwona akinyanyuka ameshika kiwiko. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani namvuta kwenye matanga.

Konda akachungulia mlangoni, akapiga bati mara mbili: "Mzima huyo, twende!" Mama mmoja kiti cha mbele akasikitika: "Masikini, mtaji wake huo." Ndipo baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: "Si angepisha? Wahenga walishasema, mwenye nguvu mpishe." Watu wakacheka. Na mimi nikatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililoniandikisha makala haya. Kwa maana nyumbani kwetu Vingunguti, nyuma ya mlango, kulikuwa na baiskeli yangu mwenyewe, Phoenix nyeusi niliyorithi kwa mjomba. Siku ile nilikuwa nimeiacha kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa na pancha. Yaani, ndugu msomaji, kilichonitenganisha na yule jamaa ni msumari tu. Jana yake nilikuwa mwenzake. Leo nimepanda gari, na tayari nacheka pamoja na wenye nguvu.

Basi hebu tujiulize pamoja. Usalama wa mwendesha baiskeli barabarani ni mzigo wa nani? Ni wa kwake mwenyewe, apishe? Au ni wa yule anayekuja nyuma yake na chuma?

Sitaki kuisingizia methali. "Mwenye nguvu mpishe" ni maneno ya mtu aliyetaka mwanawe arudi nyumbani mzima, na mimi nimepona mara nyingi kwa kuyafuata. Lori la mchanga likija kwa fujo, sisimami kulihubiria haki zangu. Napisha. Kaburini hakuna anayepewa tuzo kwa kuwa alikuwa upande wa sheria.

Kuna na hekima nyingine ndogo ndogo ambazo nimejifunza kwa kuanguka, na sioni aibu kuzigawa. Usijibanze kwenye ukingo wa lami ukidhani ndiko kwenye usalama. Ukingoni kuna mchanga, mashimo na vipande vya chupa, na dereva akikuona umejibanza anaamini nafasi ya kukupita ipo, hata kama haipo. Kaa ndani kidogo, kama hatua moja, uonekane, na uwe na pa kukimbilia ukihitaji. Ukipita kando ya magari yaliyoegeshwa, acha upana wa mlango, maana mlango hufunguliwa na mtu anayewaza mambo yake. Kwenye mataa, usijipenyeze kushoto kwa lori au basi kubwa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo lori likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hufuata njia ya ndani zaidi kuliko ya mbele, na dereva aliyekaa juu kule hakuoni kabisa. Mvua ikinyesha, kumbuka kwamba raba ya breki juu ya rimu ya chuma iliyolowa inateleza. Anza kushika breki mapema. Usiku, taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Dainamo inachosha miguu, lakini giza linachosha familia.

Na kuna kosa moja ambalo wengi wetu tunalifanya kwa nia njema: kuendesha upande wa magari yanayokuja, eti ili tuyaone. Piga hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, wewe 15. Mkienda upande mmoja, tofauti yenu ni 35. Mkikutana uso kwa uso, ni 65. Nguvu ya kugongana haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Mwendo ukiwa maradufu, kishindo ni mara nne. Kwa hiyo ule uhodari wa kulitazama gari machoni unalipiwa ghali.

Haya yote ni kweli, na anayepanda baiskeli bila kuyajua anacheza. Lakini angalia, msomaji: yule jamaa wa mkaa alifanya lipi kati ya haya ambalo hakutakiwa? Alikuwa upande wake. Palikuwa peupe. Alisikia honi akapisha mara mbili. Ya tatu aliangushwa si kwa sababu alikataa kupisha, bali kwa sababu kupisha kuna mwisho, na mwisho wake ni mtaro.

Hapo ndipo naanza kumpinga yule baba wa shati la pasi. Ushauri ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine. Mtu akikuambia, "Funga mlango, mtaani kuna wezi," amekupa ushauri mzuri. Ukiibiwa, akaja akakuambia, "Si ungefunga mlango?" bado pengine ana ukweli. Lakini akimwachia mwizi aende zake kwa sababu wewe hukufunga mlango, ameshaacha kukushauri. Amempa mwizi hati ya nyumba. Ndivyo ilivyofanywa methali yetu mle ndani ya daladala. Ilitungwa kumwonya mnyonge, ikatumika kumtakasa mwenye nguvu. Na ajabu yake, haikusema neno hata moja kwa dereva. Kila aliyekuwamo mle ndani alikuwa na la kumfundisha mtu aliyelala mchangani, na hakuna aliyekuwa na la kumfundisha mtu aliyeshika usukani.

Tuangalie hiyo nguvu yenyewe. Mimi na Phoenix yangu hatuzidi kilo 90. Lori lililopakia linaweza kufika tani 30 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya mara mia tatu. Nikifanya kosa mimi, naumia mimi. Akifanya kosa dereva wa lori, naumia mimi. Tukifanya kosa wote wawili, bado naumia mimi. Katika mchezo ambao hasara ni ya mmoja daima, kumwambia huyo huyo kuwa tahadhari yote ni yake ni sawa na kumwambia mbuzi awe mwangalifu zaidi siku ya Idi.

Mnyonge hana haja ya kukumbushwa kuogopa. Uoga anao tangu anapotoka nyumbani, upo mabegani mwake kama lile gunia. Asiye na uoga ni yule ambaye makosa yake hulipwa na mwili wa mwingine. Kwa hiyo kama tuna mahubiri machache ya kutoa, na tukataka yafanye kazi, tuyapeleke kule ambako uoga haufiki.

Wengine watasema: lakini barabara ni ya magari, bwana. Baiskeli inafuata nini pale? Na mimi nilikuwa nikifikiri hivyo, nikipanda baiskeli yangu kama mpangaji anayedaiwa kodi. Kumbe historia haisemi hivyo. Tairi la upepo, hili linalobeba kila daladala, John Boyd Dunlop alilitengeneza kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880 akitaka baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise. Uingereza na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, miongoni mwa waliopiga kelele za kwanza kudai barabara zitengenezwe vizuri walikuwa waendesha baiskeli, wakati ambapo gari lilikuwa kiroja cha matajiri wachache. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, neno bodaboda, ambalo leo ukilitamka unasikia pikipiki, lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960, kwa vijana waliokuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli, toka mpaka hadi mpaka. Baiskeli haikuvamia barabara. Ilikuwepo, ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka tukasahau kuwa iliwahi kukaa katikati.

Tena ule mkaa ulikuwa unakwenda wapi? Ulikuwa unakwenda kupika chai ya mtu, pengine ya yule aliyesema "si angepisha". Yai tunalokula chipsi mayai limepita barabarani kwenye trei zilizofungwa nyuma ya baiskeli. Samaki wa Feri anafika uswahilini kwa baiskeli. Guta la kupeleka simenti kwenye kibanda chako linasukumwa kwa miguu. Tunataka mizigo ifike, ila aliyeibeba asionekane njiani.

Kuna neno jingine ambalo limetusaidia kutofikiri. Neno hilo ni ajali. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Kwa Kiswahili limebeba yote mawili: mgongano wa barabarani na kifo kilichopangwa. Ndiyo maana tunasema ajali haina kinga, tunatikisa kichwa, tunakwenda kuzika. Sina ugomvi na imani ya mtu. Siku ya kufa mimi pia siijui. Lakini aliyeweka mguu kwenye mafuta badala ya breki si Mungu. Tukiita ajali kila kitu, tunamsingizia Muumba kazi ya dereva.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2023 lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, yaani rika letu na wadogo zetu, barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua. Siku iliyoandikwa haiwezi kuwa inawapenda wenye baiskeli kiasi hicho na kuwaonea haya wenye magari. Hapo kuna mkono wa binadamu.

Na palipo na mkono wa binadamu, pana la kufanya. Uholanzi, nchi ambayo watu wanaidhania ilizaliwa juu ya baiskeli, mwaka 1971 ilizika watu kama 3,300 waliokufa barabarani, zaidi ya 400 kati yao watoto. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari mmoja, Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikuwa amegongwa akafa, aliandika makala gazetini akitaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Neno alilochagua lilikuwa hilo hilo: mauaji. Wazazi wakalichukua, wakaingia barabarani nalo, watoto na baiskeli zao. Nchi ikabishana, kisha polepole ikaanza kujenga upya barabara zake. Mwaka 2023 waliokufa walikuwa 684. Kati yao 270 walikuwa waendesha baiskeli, kwa hiyo peponi bado hawajafika. Lakini kutoka elfu tatu na ushei hadi mia sita na ushei si bahati.

Kilichonigusa zaidi ni sheria yao ya fidia. Kule, gari likimgonga mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli, mzigo wa madhara unaanzia kwa mwenye gari, labda athibitishe kuwa jambo lile lilikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Aliyegongwa akiwa mtoto wa chini ya miaka 14, mwenye gari hulipa fidia yote. Akiwa mtu mzima, hata kama alikuwa na kosa lake, kwa kawaida mwenye gari hulipa angalau nusu. Hii si habari ya jela wala ya nani ni mtu mbaya. Ni habari ya nani abebe hasara, na jibu lao ni: aliyeleta uzito barabarani ndiye abebe uzito.

Msomaji anaweza kusema hizo ni akili za Wazungu. La hasha. Wahenga wetu walishatangulia. Waliosema "mwenye nguvu mpishe" ndio hao hao waliosema "mkubwa ni jalala". Ukubwa ni kutupiwa takataka za wadogo na kuzipokea. Kaka mkubwa hula mwisho. Mwenye nyumba ndiye anayeamka usiku kuangalia kilichogonga bati. Tunaijua sheria hii majumbani mwetu, tumelelewa nayo. Ni pale tu tunapowasha injini ambapo tunaikumbuka methali ya kwanza na kuisahau ya pili. Mimi nasema zote mbili ni zetu, ila kila moja ina mtu wake. "Mwenye nguvu mpishe" mwambie mdogo, faraghani, kwa upendo, kabla hajatoka nyumbani. "Mkubwa ni jalala" mwambie mkubwa, hadharani, na uiandike kwenye sheria.

Sasa nije kwenye hoja ambayo washikaji wangu huniwekea mezani kila tukibishana kijiweni. "Wewe unawatetea, lakini waendesha baiskeli wenyewe si watu. Hawana taa, wanakatiza mataa yakiwa mekundu, wanatokea kushoto, wanatokea kulia." Ni kweli. Nimefanya yote hayo. Lakini adhabu ya kukatiza mataa haikupangwa kuwa kifo, wala mtoto wa miaka tisa aliyesahau kutazama nyuma hakustahili kunyongwa. Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha msimamo kwamba barabara zijengwe kwa kukubali kuwa binadamu atakosea, na kosa lake lisimtoe uhai. Mimi naliona hilo kuwa jambo la utu kabla ya kuwa la uhandisi.

Ila hoja ya washikaji ilinibana kwa upande mwingine, upande ambao sikuutarajia.

Siku moja nilikuwa Mtaa wa Uhuru, foleni imefunga, madereva wanatanua, wanachomekea, noma tupu. Nikaona isiwe tabu, nikapandisha baiskeli njia ya waenda kwa miguu. Nikawa nateleza vizuri, napiga kengele, watu wanapisha. Nakiri nilijisikia raha. Mbele yangu kulikuwa na mama mtu mzima na ndoo ya maandazi kichwani. Nikapiga kengele. Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu. Akageuka nusu, mimi nikashika breki, usukani ukamgusa kwenye nyonga. Akapepesuka, ndoo ikaanguka, maandazi yakasambaa vumbini.

Unajua nilisema nini? Kabla ya pole, kabla ya samahani, nilisema: "Mama, si nimepiga kengele!"

Akanitazama bila hasira. Akasema, "Kengele nimeisikia, mwanangu. Ningekupisha niende wapi?"

Nikatazama. Kushoto kwake ukuta. Kulia kwake mtaro ulio wazi. Hapo ndipo nilipomkumbuka jamaa wa mkaa. Honi tatu, kengele tatu. Nikashuka kwenye baiskeli, nikasema, "Shikamoo mama, nisamehe." Akaitikia marahaba huku anainama kuokota. Nilimpa fedha niliyokuwa nayo mfukoni. Haikufika bei ya ndoo ile, na sote wawili tulijua.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba dunia imegawanyika kati ya watu wa magari wabaya na watu wa baiskeli wema. Nguvu si tabia ya mtu, ni mahali aliposimama. Asubuhi niko ndani ya daladala, ni mwenye nguvu. Mchana niko juu ya Phoenix kwenye lami, ni mnyonge. Jioni niko kwenye njia ya waenda kwa miguu, ni mwenye nguvu tena, mbele ya mama mwenye ndoo. Kila ninapobadilisha mahali, wajibu wangu unabadilika. Ninayemkuta mwepesi kuliko mimi, yule ambaye mgongano ungemuumiza yeye kuliko mimi, huyo yuko mikononi mwangu, apende asipende, awe na kosa asiwe nalo. Ikiwa namdai dereva wa lori jambo hili, siwezi kumnyima mama wa maandazi.

Wala sisemi kwamba moyo mwema unatosha. Moyo mwema ukienda kilomita 80 kwa saa unaua sawa na moyo mbaya. Kwa mwendo wa 50, gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 30, ni kama mita 8. Kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki, hiyo tofauti ya mita sita tayari ni mtoto mzima au mtoto aliyelala. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Panda daladala yoyote saa nne usiku, foleni ikiwa imeisha, uangalie kama mshale unaijua sheria hiyo.

Na barabara yenyewe lazima iseme. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia ya pembeni kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Ni jambo jema, na nimeitumia. Lakini nimekuta pikipiki zimeegeshwa juu yake, meza za biashara, gari la mtu aliyeingia "dakika moja tu" dukani. Kila mmoja wao ana sababu, na muuza matunda ana sababu nzito kuliko wote, maana naye amesukumwa kutoka mahali pengine. Matokeo ni yale yale: mwenye baiskeli anarudi kwenye lami, kati ya chuma na chuma, na akigongwa tutauliza alikuwa anafuata nini barabarani.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu hamna gari. Mnaweza kudhani mahubiri haya ni ya wengine. Nami nilidhani hivyo. Lakini siku ile ya mkaa tulikuwa abiria zaidi ya thelathini ndani ya gari, na dereva alikuwa mmoja. Nauli yetu ndiyo iliyokuwa inamkimbiza. Haraka yetu ndiyo iliyopiga honi ya tatu. Tungeweza kusema. Abiria wa daladala wanajua kusema: "Shusha!", "Chenji yangu!", "Konda, mbona unatujaza hivi?" Ni neno moja tu ambalo hatukuwa nalo.

Mwezi uliopita nililijaribu. Tulikuwa Buguruni, mbele kuna kijana na guta la magodoro, dereva ameanza kupiga honi. Nikasikia moyo wangu unadunda, utadhani nakwenda kuomba posa. Nikasema, kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko nilivyotaka: "Suka, punguza. Hana pa kupisha yule."

Konda akanigeukia: "Wewe vipi, umekuwa trafiki?" Watu wawili watatu wakacheka. Kisha kutoka nyuma mzee mmoja akasema, "Lakini kijana kasema kweli. Punguza bwana."

Dereva hakujibu. Akasonya, akaondoa mguu kwenye mafuta, tukafuata nyuma ya magodoro polepole mpaka barabara ilipopanuka. Tulichelewa kama dakika mbili. Yule kijana wa guta hakugeuka hata mara moja. Hakujua kama kuna lolote lililotokea nyuma yake.